Kisangani bila gide: namna mukaaji wa mashariki anaweza kujipangia safari ya muji wa muto

Kutoka Birere mpaka Gisenyi ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mutu anapita Petite Barrière asubuhi, anauza, ananunua, anarudi kula kwake. Kutoka Birere mpaka Kisangani, muji wa inchi yake mwenyewe, ni karibu kilomita 500 kwa mustari ulionyooka, na kuko watu wengi wa Goma waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka bila kuuona hata siku moja. Wanaujua kwa jina la Lumumba, kwa habari za vita, na kwa foto ya wale wavuvi wanaoning'inia juu ya miti katikati ya maji.

Makala hii inaeleza namna mukaaji wa majimbo ya mashariki anaweza kujipangia siku tatu ao ine Kisangani kwa kufuata historia na desturi za watu, bila ajansi na bila gide wa kulipwa kutwa nzima. Muji ule unafaa kwa safari ya namna hiyo kwa sababu moja ambayo vitabu vya wazungu havielezi sana: mutu wa Goma, Bunia, Bukavu ao Kindu anafika pale na lugha yake tayari mudomoni. Anaweza kuuliza njia, kubishana bei, kusikiliza muzee kivulini. Lakini kuko pia sababu ya kutokwenda ovyo. Kisangani na Goma zinajuana kwa damu, na musafiri asiyejua habari hiyo anaweza kusema neno moja sokoni na kuharibu siku yake.

Jina, kisiwa na misafara

Jina Kisangani linaelezwa kwa neno kisanga, ndiyo kusema kisiwa. Jina lingine la muji ni Boyoma, na maporomoko yaliyo karibu yanaitwa vilevile: ni maporomoko saba yanayofuatana kwa karibu kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Juu yake muto unaitwa Lualaba. Chini yake ndio muto Kongo, unaobeba meli mpaka Kinshasa, karibu kilomita 1,700. Musafiri akisimama Wagenia, kwenye poromoko la mwisho, anasimama fasi muto unabadilisha jina. Kila mutawala aliyepita huku aliitaka fasi hiyo, juu muzigo wowote unaopanda kutoka chini sherti ushuke hapa, na unaotoka juu vilevile.

Misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar ilifika kwa njia ya Lualaba, ikipitia Kasongo na Nyangwe. Mukubwa wao aliyejulikana zaidi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip. Mwisho wa mwaka 1876 alimusindikiza Stanley kwa muda kutoka Nyangwe kuelekea chini ya muto, na Stanley akafika kwenye maporomoko Januari 1877. Desemba 1883 Stanley alirudi kwa kazi ya Mufalme Leopold II wa Ubelgiji, akaacha kituo kidogo hapo. Mwaka 1886 watu wa misafara walikishambulia, wazungu wakakiacha. Mwaka uliofuata Leopold akaona afadhali kupatana: Tippu Tip akafanywa gavana wa Stanley Falls, na mushahara wa kila mwezi. Mapatano hayakudumu. Kati ya 1892 na 1894 dola ya Leopold iliwapiga vita watu wa misafara na kuwashinda. Muji ukakua kwa jina la Stanleyville, mpaka 1966 ulipopewa tena jina la Kisangani.

Lugha ikabaki. Ilikuja na biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Vijiji vya Maniema na vya kando ya Lualaba vilichomwa ili wakaaji wake wafungwe minyororo. Hiyo isemwe waziwazi, kwa sababu mutu wa mashariki anayefurahi kusikia Kiswahili Kisangani anasikia pia alama ya njia ile. Tippu Tip alieleza maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya kufa Zanzibar mwaka 1905. Ni maneno ya mufanyabiashara anayejivunia. Mutu asitafute machozi juu ya watumwa ndani yake. Hata hivyo, kusoma kurasa chache za kitabu hicho mbele ya kuondoka kunafaa kuliko kusoma riwaya ya Conrad, aliyepita na meli ndogo mwaka 1890, ao ya Naipaul ya mwaka 1979. Riwaya hizo mbili zimeufanya muji ujulikane dunia nzima, lakini ndani yake wenyeji hawapewi nafasi kubwa ya kusema.

Kiswahili cha leo Kisangani hakifanani kabisa na cha Goma. Lingala iko karibu kila fasi, zaidi sana bandarini na kwa watu wenye uniforme, na mutu mmoja anaweza kuanza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa ingine. Musafiri asione haya kuomba mutu arudilie. Mbote, ebale, ambalo ni muto, na mboka, ambalo ni muji ao kijiji, ni maneno matatu yanayofungua milango mingi.

Mbele ya kufunga valizi

Neno la kwanza ni njia, na hapa mukaaji wa Birere hayuko sawa na mukaaji wa Kindu ao wa Bunia. Zamani mutu alipanda ndege Goma na kushuka Bangoka, uwanja wa Kisangani ulio karibu kilomita 17 upande wa mashariki wa muji. Uwanja wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, wakati M23 ilipoingia mujini. Tangu hapo safari ya kutoka Goma imekuwa ya kuzunguka: kuvuka mupaka, kupita inchi zingine, kuingia tena Kongo kwa mulango mwingine. Bei inapanda mara nyingi, na kila mupaka una karatasi zake.

Kwa barabara kuko majina mawili ya kujua. RN4 inatoka Beni, inapita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende mpaka Kisangani. RN3 inatoka Bukavu, inapita Walikale na Lubutu. Kwenye ramani zote mbili zinaonekana nzuri. Kwa kweli sehemu za RN4 upande wa Beni na Ituri zimeona mashambulizi mengi ya ADF, na upande wa Walikale mistari ya vita imehama mara nyingi. Hakuna makala inayoweza kumuambia mutu njia iko salama wiki ijayo. Wenye kujua ni madereva waliofika jana, wenye kubeba bidhaa, na ndugu aliye huko. Musafiri aulizie watatu, si mmoja, na kama majibu yanapingana, abakie nyumbani. Safari ya kutembea si ya kufia njiani. Mutu anaweza kufanya mupango leo, akaondoka mwaka kesho.

Karatasi si nyingi: kadi ya uchaguzi ao paspoti, na karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo inaulizwa kwenye viwanja vya ndege. Kopi mbili za kila karatasi ziwekwe fasi ingine ndani ya muzigo. Kwenye vizuizi na kwenye biro za DGM mutu anaulizwa anakwenda kwa nani na kufanya nini. Jibu fupi na la kweli linatosha, na linafaa zaidi kama kuko jina la ndugu ao la parokia inayomupokea. Mutu akilipishwa kitu, aombe risiti kwa upole. Wakati mwingine neno risiti peke yake linashusha bei.

Saa ya Kisangani ni ile ile ya Goma, lakini joto si lile. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Kisangani karibu mita 400 tu. Jaketi ya usiku wa Goma ibakie nyumbani. Mvua inanyesha karibu kila mwezi. Januari na Februari ndiyo miezi yenye mvua kidogo zaidi, na wakati maji yameshuka mawe ya Wagenia na miti ya wavuvi vinaonekana vizuri. Maji yakiwa mengi, mutu anaona kidogo lakini anasikia muto unanguruma. Malaria ni ya kweli: mutu wa milimani anayelala bila chandarua, ile mustikere, anajitafutia siku tano za kitanda.

Juu ya makuta, dola ndogo ndogo zisizopasuka na franka za kutosha kwa moto, mutumbwi na chakula. Noti ya 100 ya mwaka wa zamani inaweza kukataliwa Kisangani sawa inavyokataliwa Birere.

Kutembea katikati ya muji

Kisangani ina komine sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani ziko ngambo ya kuume, Lubunga iko peke yake ngambo ya kushoto. Siku ya kwanza itumike Makiso, kwa miguu, kuanzia asubuhi mbele ya jua kali. Mutu anayetoka Goma, muji wa mawe ya moto na vumbi nyeusi, atashangaa kuona avenyu zilizonyooka, miti mikubwa na nyumba za wakati wa Wabelgiji ambazo rangi imetoka lakini kuta bado zinasimama.

Fasi nzuri ya kuanzia ni posta. Patrice Lumumba alifanya kazi katika posta ya Stanleyville, na hapo alifungwa mara ya kwanza, mwaka 1956, akishitakiwa kwamba amechukua makuta ya posta. Wanaomupenda hawasemi sana habari hiyo, lakini ni sehemu ya maisha yake: nyuma ya kifungo aliondoka kwenda Léopoldville, na siasa yake ikapanda. Oktoba 1959 alirudi kwa mukutano wa chama chake MNC. Fujo ikatokea, watu wakauawa, akakamatwa tena. Januari 1960 alitolewa gerezani ili aende Bruxelles kwenye mazungumuzo ya uhuru. Alipofungwa mwisho wa mwaka ule, wafuasi wake, wakiongozwa na Antoine Gizenga, walifanya serikali yao hapa Stanleyville. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Juni 2022 jino lake, kipande pekee cha mwili wake kilichorudishwa na Ubelgiji, lilipita Kisangani ndani ya sanduku mbele ya kuzikwa Kinshasa. Ukimuuliza mutu wa Kisangani alikuwa wapi siku hiyo, atakujibu pasipo kufikiri.

Kutoka posta mutu anashuka mpaka mutoni, kwenye kanisa kubwa la Notre-Dame linalotazama maji. Wakatoliki wa huku wanahesabu mwanzo wao toka Krismasi ya 1897, wakati Padri Gabriel Grison alipofika. Misioni ya Saint-Gabriel inakumbusha jina lake. Karibu na kanisa kuko bandari, na bandarini ndiko muji unaonyesha kazi yake: mashua kubwa za mbao zenye motere, magunia ya mukaa, samaki wa moshi, mafuta ya mawese, nguruwe waliofungwa miguu. Musafiri akae hapo saa moja bila kutoa simu. Bandari, madaraja, uwanja wa ndege na kambi ni fasi ambazo foto inaleta matata, na mutu anaweza kupoteza nusu siku ndani ya biro kwa sababu ya foto moja ya mutumbwi.

Kwa kuzunguka kuko motari, na kuko toleka, kinga yenye kiti cha nyuma kilichowekwa mto, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa alama ya Kisangani sawa chukudu ilivyo alama ya Goma. Toleka ni Lingala, maana yake tupite. Motari wamewanyanganya kazi nyingi, lakini toleka inafaa kwa mugeni: inakwenda pole pole, na mwenye kuendesha anaeleza kila nyumba bila kuombwa.

Chakula kisitafutwe hotelini. Watu wa mashariki wanaolilia bugali watapata, lakini waonje lituma, ndizi zilizotwangwa mpaka zikashikana, pamoja na samaki ya muto iliyopikwa ndani ya majani, ile liboke. Sombe inaitwa pondu. Msimu wa viwavi ukifika, soko linajaa mbinzo. Mama anayeuza atacheka akiona mugeni anasitasita, na kicheko hicho ni mwanzo muzuri wa mazungumuzo.

Jioni, mwenye kupenda sanaa aulizie Studios Kabako, nyumba ya dansi na tiatri ya Faustin Linyekula, mucheza dansi anayejulikana Ulaya na Marekani lakini akachagua kufanyia kazi Kisangani. Hakuna onyesho kila siku. Inafaa kuulizia mbele.

Mambo ambayo mutu wa Goma sherti ajue

Muji huu umepigwa mara nyingi. Mwanzo wa Agosti 1964 Simba waliuteka, wakafanya serikali yao hapa. Tarehe 24 Novemba mwaka ule maparakomando wa Ubelgiji walirushwa kutoka ndege za Marekani kuokoa wazungu waliofungwa, wengi wao katika hoteli Victoria. Vitabu vingi vinaeleza asubuhi hiyo kwa urefu. Wazungu waliouawa wanajulikana kwa majina. Wakongomani waliouawa na Simba, kisha na jeshi na mamluki waliokuja nyuma, hakuna aliyewaandika mmoja mmoja.

Lakini kovu ambalo watu wazima wa leo wanalibeba ni la karibu zaidi. Wakati wa vita iliyoanza 1998, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyoingia Kongo pamoja kama marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani: Agosti 1999, Mei 2000, na mara ya tatu toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Hiyo ya tatu ndiyo vita ya siku sita. Mabomu yalirushwa juu ya nyumba za watu, kutoka ngambo moja ya muto Tshopo mpaka ingine. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010 inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, kufuatana na anayehesabu, zaidi ya 1,000 waliumizwa, na nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa. Kanisa kubwa liliguswa pia.

Halafu ikaja Mei 2002. Askari walijaribu kuasi juu ya RCD-Goma, kundi lililotawala muji kwa usaidizi wa Rwanda, na kundi hilo likajibu kwa kuua. Watu walipelekwa usiku kwenye daraja la Tshopo, wakauawa, miili ikatupwa mutoni. Jina la kundi lilibeba jina la muji wa Goma, na jina hilo likabaki masikioni mwa watu wa Kisangani.

Ndiyo maana ulizo la kawaida, «Weye unatokaka wapi?», lina uzito. Mutu wa Birere aseme kweli, anatoka Goma. Uongo unajulikana haraka kwa Kiswahili chake mwenyewe. Lakini asijibu kwa mizaha juu ya vita, asianze mahesabu ya nani aliteseka zaidi, na asisimame kwenye daraja la Tshopo kujipiga foto akicheka. Akinyamaza kidogo na kusikiliza, mara nyingi mwenyeji mwenyewe ataanza kueleza, na atauliza kwa zamu yake kuhusu Goma: kuhusu volkano ya 2002 iliyochoma Birere, kuhusu wakimbizi, kuhusu maisha ya sasa. Watu wa miji hii miwili wana mengi ya kuambiana, na wana fasi chache za kukutania.

Kila mwaka tarehe 5 Juni inakumbukwa Kisangani. Anayechagua wiki hiyo kwa safari ajue anaingia katika matanga. Ulizo la malipo bado ni moto: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara ya vita ile, na mufuko wa FRIVAO ulianzishwa ili makuta yafikie walioumia, nao una biro Kisangani. Kabla ya kwenda, musafiri atafute filamu En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, mutoto wa Kisangani, iliyotoka 2020. Inaonyesha watu waliokatwa miguu na mikono kwa sababu ya siku zile sita wakishuka muto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Ni matayarisho mazuri kuliko kitabu chochote cha utalii.

Wagenia, asubuhi

Kwenda Wagenia kwa moto kutoka katikati ya muji ni safari fupi. Inafaa kufika mapema, wakati wavuvi wanapandisha mitego. Miti mikubwa imesimamishwa ndani ya matundu ya mawe, mitatu mitatu, imefungwa kwa kamba za porini. Chini yake kunateremushwa vikapu virefu vyenye mudomo mupana, na nguvu ya maji yenyewe inasukuma samaki ndani asiweze kurudi. Hakuna motere, hakuna chambo. Wanaume wanapanda juu ya miti inayotetemeka, wanavuta kikapu, mara nyingi kitupu. Maji yakipanda sana yanabeba miti, na kazi inaanza upya. Ufundi huo na fasi ya kila familia kwenye mawe vinarithiwa.

Hapa ndipo safari bila gide inapata taabu. Mara mugeni anapofika, vijana kadhaa wanamuzunguka, kila mmoja ana bei yake ya kuingia, ya foto, ya mutumbwi. Dawa ni kumuulizia kwanza muzee wa kijiji, kumusalimia kwa heshima, kukaa kidogo, kupatana bei moja kwa yote mbele ya watu, na kuilipa kwake. Malipo yenyewe si wizi. Watu wa Wagenia wamepigwa foto kwa zaidi ya miaka mia moja, na foto hizo zimeuza vitabu, kadi na safari za wengine. Chenye kuudhi ni kulipa mara tano. Kununua samaki mmoja na kuomba upikiwe hapo kunatuliza mambo kuliko hotuba ndefu.

Kwenye mutumbwi musafiri aombe jile ya kuokoa, hata kama kila mutu anacheka. Maji ya chini ya poromoko yanazunguka, na muto huu unaua watu kila mwaka. Usiku asivuke hata kidogo.

Ngambo ingine, na mbali zaidi

Muto Tshopo, wenye maporomoko yake na barazhi inayoupa muji umeme, unatosha kwa nusu siku. Bustani ya wanyama iko huko karibu. Anayengojea simba na tembo atasikitika, lakini miti yake mikubwa na upepo wa maji vinafaa kwa jua la saa nane.

Lubunga, ngambo ya kushoto, inafikiwa kwa mutumbwi. Mbele ya kuvuka sherti kuulizia hali, kwa sababu mapigano ya Wambole na Walengola juu ya ardhi, yaliyoanza 2023, yalianzia upande huo na kuwafukuza watu wengi nyumbani. Kukiwa shwari, kinachovuta hapo ni stasio ya gari la moshi. Reli ya kilomita 125 kutoka Kisangani mpaka Ubundu ilimalizika 1906, kwa jasho la watu waliolazimishwa, ili mizigo iruke yale maporomoko saba. Treni haina siku za uhakika. Kando ya reli watu wanasukuma kinga zilizojaa magunia, kazi ile ile ambayo reli ilijengwa kuimaliza.

Mwenye siku mbili zaidi anaweza kushuka muto. Yakusu, misioni ya zamani ya Wabaptisti, iko karibu. Huko muingereza John Carrington alijifunza ngoma ya kusema ya Walokele, lokole, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Mbele zaidi, karibu kilomita 100 kutoka Kisangani, iko Yangambi, fasi ya uchunguzi wa kilimo na misitu toka 1933, yenye nyumba ya majani makavu yaliyokusanywa toka Kongo yote na, tangu 2020, munara wa mita 55 wa kupima pumzi ya pori. Huko ruhusa iombwe mbele, kwa barua.

Na mukaaji wa Maniema anaweza kuigeuza safari yote. Aanze Nyangwe na Kasongo, ashuke Lualaba kupitia Kindu mpaka Ubundu, amalizie Kisangani. Itamuomba wiki mbili ao tatu, na kati ya Kindu na Ubundu hakuna mutu anayejua mashua itaondoka lini mpaka iondoke.